Buti la Jukwaani kwa Kiatu cha Shule

Kanzu ya mfalme haisumbui. Mama atatoa kitenge, parokia itatoa pazia la zamani, na taji litakatwa kwenye kartoni. Shida iko chini ya magoti. Herode anatokea amemeremeta dhahabu, na chini ya dhahabu hiyo zinachungulia raba nyeupe zenye mstari wa buluu. Watoto walioketi chini mbele kabisa huona miguu kabla ya uso, na hao ndio wa kwanza kucheka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu, kiongozi wa vijana au msichana aliyekabidhiwa mavazi ya mchezo huko Luvungi au popote kwenye uwanda wa Ruzizi, ambaye hana pesa za kununua mabuti na hana ruhusa ya kuharibu viatu vya watu. Sharti la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kiatu unachopewa kwa mchezo wa Jumapili ndicho mwenyewe atakachoendea shule Jumatatu.

Kwa nini tusishone kiatu

Mtazamaji aliyeketi hatua kumi kutoka jukwaani hatambui buti kwa soli wala kwa mishono. Analitambua kwa shingo ndefu inayofika karibu na goti, kwa ukingo wa juu unaoonekana wazi, na kwa rangi moja inayoshuka mpaka ardhini bila kukatika. Mpe hayo matatu, mengine atajijazia mwenyewe. Kwa hiyo hatutengenezi kiatu. Tunatengeneza shingo ya buti inayovaliwa juu ya kiatu, ikifunika kamba zake na pua yake, kisha inavuliwa mchezo ukiisha. Jamaa yake ni gamashi, zile walizovaa askari wa zamani kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti.

Sababu nyingine ni joto. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita kama 1,460, na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita kama 770. Anayeigiza Bukavu, juu kando ya Kivu, anaweza kuvumilia bote za mpira saa nzima. Luvungi iko chini huku, na mwigizaji aliyefungwa mpira mpaka gotini mwezi wa kumi na mbili ataanza kuchechemea kabla Mamajusi hawajafika Bethlehemu.

Kwanza uliza: huyu alivaa buti kweli?

Hapa ndipo kazi nyingi inapopotea bure, kwa hiyo tukae kidogo.

Askari wa Pilato hawakuvaa mabuti. Askari wa Roma alivaa *caliga*, kiatu cha ngozi kilichokatwa wazi kama sandali, chenye mikanda iliyopanda juu ya kifundo cha mguu na misumari ya chuma kwenye soli. Mtoto wa jemadari Germanicus alivalishwa vidogo vya aina hiyo kambini, askari wakambandika jina la Caligula, na jina hilo likamfuata mpaka alipokuwa kaisari. Ukiwavika askari wa Ijumaa Kuu bote nyeusi, watu wataona wachimba dhahabu. Kwao tutatumia njia ya tatu hapa chini, nayo ndiyo rahisi kuliko zote.

Mchezo wa sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, nao una mtego wake. Vijana hutaka kila askari wa wakati wa Wabelgiji awe na buti. Lakini askari Mwafrika wa Force Publique, jeshi la koloni, kwa miaka mingi ya mwanzo alivaa sare ya buluu na fezi nyekundu, na miguu yake ilikuwa mitupu. Ng'ambo ya mpaka wa Kongo, askari wengi wa King's African Rifles walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia pekupeku, wamezungushiwa vitambaa kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Buti lilikuwa la ofisa. Basi fikiria jukwaa lenye askari sita pekupeku na mtu mmoja mwenye buti linalong'aa: huhitaji kumwambia mtazamaji nani anatoa amri. Umeokoa pia jozi sita.

Wanaohitaji buti kweli ni Herode wa jukwaani (wa historia ni habari nyingine, ila watu wamezoea mfalme wa picha), ofisa wa kikoloni, mfalme na mwindaji wa hadithi, na mcheza ngoma ya bendi. Kati ya Mamajusi watatu, mmoja akiwa na buti inatosha. Wawili wape sandali.

> TAHADHARI KABLA YA KUSHIKA MKASI
>
> Watu wa barabara ya Kamanyola hadi Uvira wameona wenye silaha wa kila aina, na buti ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa kwenye kizuizi. Kuvaa sare ya jeshi bila haki ni kosa katika sheria ya Kongo, na asiye na sare anaweza kushukiwa kwa buti tu.
>
> – Usitengeneze buti jeusi, la kijani la jeshi wala la madoadoa lenye kamba mbele mpaka juu.
> – Chagua kahawia, nyekundu iliyokoza, au rangi ya udongo. Weka ukingo mpana uliokunjwa, au utepe wa dhahabu, ili hata kwa mbali lionekane ni la mchezo.
> – Usiruhusu mwigizaji atembee nalo barabarani. Lisafirishwe ndani ya mfuko, livaliwe nyuma ya jukwaa.
> – Mchezo una askari? Peleka barua kwa chifu na kwa wanaosimamia usalama siku kadhaa kabla, ukitaja mahali na saa. Nakala moja ibaki mfukoni mwako.
> – Mazoezi ya askari yafanyike uani au ndani ya kanisa, mchana.

Vitu vya kutafuta

Kitambaa kizuri kuliko vyote ni skai, ile ngozi bandia wanayofunikia makochi. Nusu mita ya skai yenye upana wa mita moja na sentimita arobaini hutosha jozi moja ya mtu wa kimo cha kawaida. Lakini kabla ya kununua mpya, pita kwanza kwa mafundi wa viti uombe mabaki, halafu pitia marundo ya mitumba ukitafuta mikoba mikubwa ya akina mama na makoti ya skai yaliyochanika kwapa. Mgongo wa koti moja hutoa shingo mbili. Anayeshuka kutoka Bukavu anaweza kuagizwa sokoni Kadutu. Aliye karibu na Uvira ataangalia kinachovuka kutoka Bujumbura.

Ukikosa skai, chukua kitenge kizito au suruali ya jinzi iliyochakaa, kahawia au uliyoitia rangi.

Vingine ni hivi:

– mfuko uliofumwa wa mchele, kwa kukazia shingo isiporomoke (huku kwenye mpunga haukosekani)
– kipande cha mpira wa ndani wa tairi
– lastiki pana, sentimita mbili au tatu
– velkro au vifungo vikubwa
– uzi wa nailoni, sindano nene, msharasi wa fundi viatu
– kole ya viatu, kopo dogo
– mifuko miwili mikubwa ya plastiki na utepe wa gundi, kwa vipimo
– chaki, mkasi mkali, vibanio vya nguo

Kartoni usiinunue wala usiiombe. Wengi huitia ndani ya shingo ili isimame. Jasho likiingia inalainika, na mvua ya Desemba ikiipata inavunjika katikati ya wimbo.

Njia ya kwanza: shingo ya kuvaa juu ya kiatu

Hii ndiyo njia ya kutumia mara nyingi. Inafaa juu ya kiatu cheusi cha shule au raba, mradi soli iwe nzima na mtu aweze kukimbia nacho.

1. Mvalishe mwigizaji kiatu chenyewe na suruali atakayoigiza nayo. Vipimo vya mguu mtupu vitakudanganya.
2. Funika kiatu na mguu kwa mfuko wa plastiki. Zungushia utepe wa gundi kuanzia ukingo wa soli hadi vidole viwili chini ya goti. Usikaze, na usipande juu ya goti: mtu lazima apige magoti.
3. Kwa kalamu, chora mstari mmoja nyuma kuanzia juu hadi kisiginoni, na mwingine mbele katikati kuanzia juu hadi kwenye pua ya kiatu. Chora pia mzunguko wa soli.
4. Andika NJE na NDANI kila upande kabla ya kukata. Ukisahau utashona miguu miwili ya kulia.
5. Kata mstari wa nyuma, mvue, kisha kata mstari wa mbele na mzunguko wa soli. Una vipande viwili. Vitanue juu ya gazeti, uvichore, na uongeze sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, isipokuwa nyuma: hapo ongeza tatu, ndipo pa kufungia. Hiki ndicho kiolezo chako.
6. Kata kwa gazeti kwanza, umjaribishie mtu. Gazeti likimkaa, skai itamkaa.
7. Weka kiolezo upande wa nyuma wa skai na uchore kwa chaki. Kwa mguu wa pili kigeuze. Kata vipande vinne.
8. Kata vipande hivyohivyo kutoka kwenye mfuko wa mchele, lakini viishie juu ya kifundo cha mguu. Panapopinda pasiwe na ugumu. Vishike nyuma ya skai kwa mishono michache. Ukiwa na kitambaa cha pamba, tia bitana; ngozi ya mtu itakushukuru.
9. Shona mstari wa mbele, pande za ndani zikitazama nje. Geuza, upigepige mshono kwa mpini wa nyundo ulale.
10. Nyuma tia velkro, vipande vitatu: juu, katikati ya shavu la mguu, na juu ya kifundo. Mwigizaji hufunga haraka bila taa.
11. Kata mkanda wa mpira wa tairi wenye upana wa sentimita tatu. Ushone ukingo wa ndani na wa nje, upite chini ya kiatu kwenye lile pengo kati ya soli na kisigino. Huu mkanda ndio unaozuia shingo isipande juu mtu anapotembea. Ukipita chini ya soli yenyewe, atateleza na utakatika.
12. Ukingo wa juu tia lastiki kwa ndani. Kidole kimoja kipite. Lastiki inayoacha alama kwenye ngozi itamtia ganzi kabla mchezo haujafika nusu.

Fundi cherehani akikwambia skai inakwama chini ya mashine, amesema kweli. Atie ukanda wa gazeti juu na chini ya mshono, apige mishono mirefu, kisha achane gazeti. Pini zisitumike: kila tundu kwenye skai hubaki. Vibanio vya nguo vitashika.

*Pua ya kiatu.* Kama kiatu ni cheusi na shingo ni ya kahawia, rangi inakatika na uongo unaonekana. Ama urefushe kipande cha mbele kifunike pua yote na kishikwe kwa lastiki chini ya vidole, ama uvishe kiatu soksi kuukuu ya rangi ya shingo, ukiikata soli. Usikipake kiatu rangi.

Njia ya pili: bote la mpira

Kuna mchezo unaofanyika shambani, kwenye tope, au mfalme anayepanda mnyama kwelikweli. Hapo shingo ya skai itaaibika. Tumia bote la mpira lililokwisha kutoboka, ambalo mwenyewe ameliacha.

Kosa la wengi ni kulipaka rangi. Siku ya kwanza linapendeza. Siku ya pili, linapokunjika kifundoni, rangi inabanduka vipande vipande. Bote hufunikwa, halipakwi.

1. Lioshe kwa sabuni, lianike kivulini likauke kabisa.
2. Kata shingo kama ni ndefu mno, vidole vinne chini ya goti. Kisu kikali na mkono wa polepole.
3. Pauza uso wa nje kwa msasa kuanzia juu hadi kifundo, kisha ufute vumbi kwa spiriti. Mabote mengi ni ya plastiki laini, na kole haishiki plastiki inayong'aa.
4. Paka kole kwenye bote na kwenye kitambaa, vyote viwili. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka ukigusa kidole kisinate. Ndipo ugandamize, ukianzia mbele katikati na kusukuma hewa nyuma. Kole ya viatu ikiwekwa mbichi haishiki, na hilo ndilo linalofanya watu waseme kole ya siku hizi ni mbovu.
5. Kole usiiache peke yake. Ukingo wa juu na mshono wa nyuma upige mishono ya mkono kwa msharasi.
6. Kunja ukingo wa juu nje kwa upana wa kiganja, au shonea kipande cha rangi nyingine. Hilo ndilo linalolitofautisha na bote la shamba.
7. Toboa matundu machache upande wa ndani, karibu na unyayo, hewa ipite. Tia soli ya ndani ya kitambaa.

> HATARI
>
> Kole ya viatu inashika moto upesi na mvuke wake unalevya. Fanyia kazi nje, mbali na mbabula, na usimpe mtoto aishike. Usitoboe matundu kwa msumari uliochomwa motoni: moshi wa plastiki hii unachoma koo na macho.

Njia ya tatu: askari wa Roma kwa sandali za tairi

Sandali za tairi zinazouzwa sokoni ziko karibu mno na *caliga*. Karibu nusu ya kazi imekwisha kufanywa na aliyezikata. Ongeza mikanda tu. Kata skai ya kahawia au kitambaa kizito katika vipande vyembamba vya sentimita mbili, virefu kama mita moja na nusu, viwili kwa kila mguu. Vipitishe chini ya mikanda ya sandali, vivuke mbele, vizunguke nyuma ya kifundo, na vifungwe kwa mbele juu kidogo ya kifundo. Wanaozifunga mpaka gotini wameziona kwenye sinema. Zisipopanda juu sana hazishuki, na hiyo ni faida ya pili.

Ndara za vidole viwili hazifai, zinavuka mtu akikimbia na mjeledi. Misumari ya kweli kwenye soli pia hapana, hasa kanisani kwenye saruji laini.

Rangi na kuchakaza

Buti jipya kabisa jukwaani linaonekana la plastiki. Sugua msasa mwembamba ukingoni na kwenye pua, kisha paka rangi ya viatu nyeusi kwa kitambaa kwenye mikunjo ya kifundo na ufute juu. Mwindaji au msafiri unaweza kumpaka udongo wenyewe wa Luvungi uliochanganywa na maji. Ukikauka upige brashi. Ofisa na mfalme usiwachakaze. Wao wang'ae, na mafuta ya kula kidogo kwenye kitambaa yatafanya kazi hiyo kwa saa kadhaa.

Makosa yanayojirudia

– Kupima watu wawili na kushona sita kwa vipimo hivyo. Mashavu ya miguu hayafanani. Kama lazima yawe ya kuazimana, funga nyuma kwa kamba, si velkro.
– Kuongeza urefu wa kisigino kwa vipande vya mbao ili mfalme awe mrefu. Ataanguka. Mpe taji refu.
– Kumaliza kazi usiku wa kuamkia mchezo. Mtu anahitaji mazoezi mawili akiwa amevaa: kupanda ngazi, kupiga magoti, kukimbia, kukaa chini.
– Kusahau sauti. Skai ikisuguana na skai hulia kila hatua. Paka unga wa talki upande wa ndani wa miguu.

Siku ya mchezo, mkononi mwako uwe na:

☐ sindano iliyokwisha tiwa uzi wa rangi ya buti
☐ pini kubwa za nguo za mtoto, nne
☐ mkanda mmoja wa mpira wa akiba
☐ kitambaa kibichi cha kufuta tope
☐ soksi kavu kwa anayevaa bote la mpira
☐ mfuko wa kubebea, na nakala ya barua

Mchezo ukiisha, wavue kabla hawajatoka kupiga picha barabarani. Futa skai kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Usiichovye majini wala usiianike juani, itakakamaa na kupasuka. Jaza shingo magazeti yaliyofinyangwa, funga velkro zote, na uning'inize mfuko kwenye msumari mahali panya hafiki, kwa sababu bitana yenye jasho wanaipenda. Ndani ya kila shingo andika kwa kalamu isiyofutika namba ya kiatu kilichopimiwa na upande, kulia au kushoto. Viatu vyenyewe virudishwe jioni hiyohiyo, vimefutwa, kamba zikiwa ndani.